Tanuri Lililokatwa Miguu

"Mama Mkate, kitu kina miguu yake. Unakikata miguu ili kikae kwa nani?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Mama Vifungo, fundi cherehani wa upande wa pili wa ukuta, asubuhi ile mkwe wangu alipowasha mashine ya kukatia chuma na cheche zikawa zinaruka uani. Alikuwa amechungulia juu ya ukuta, pini tatu mdomoni, anaongea kwa upande mmoja wa midomo.

Nilicheka. "Kikae kwangu, mama. Kwa nani tena?"

Akatoa zile pini. "Na kwako ni wapi?"

Nilidhani ni kijicho. Nikamgeuzia mgongo, nikaenda kuwachemshia mafundi chai.

Leo swali lile linanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa wewe uliyeikosa hadithi hii wiki iliyopita, nakudokezea kwa ufupi ili tuende pamoja. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Katika maisha yake alitengeneza mageti ya watu wengi, lakini kitu alichonitengenezea mimi kilikuwa kimoja: tanuri la kuokea mkate, la chuma kitupu, alichokitoa kwenye lori lililokufa. Akaliwekea miguu minne, na kila mguu gurudumu.

Watu walimcheka. Tanuri lina magurudumu, linaenda safari?

"Sisi ni wapangaji," alikuwa akiwajibu. "Mpangaji hana ukuta wala sakafu. Mali yake ni kile anachoweza kukisukuma mpaka barabarani."

Na kweli tulilisukuma. Kila tulipohama tulitembea nyuma ya tanuri letu kama watu wanaosindikiza bibi harusi, binti yetu mdogo amepanda juu, ameshika kopo la grisi. Kazi yake ilikuwa kupaka magurudumu grisi kila Jumamosi. Baba yake alimwambia gurudumu likianza kulia, ujue linamlilia mwenyewe.

Alipofariki, mwenye nyumba akautaka uwanja wake alaze magari. Nikapata chumba kimoja cha kulala, lakini chumba hakina ua. Ndipo wifi yangu, mdogo wake marehemu, akanifungulia geti lake.

"Njoo, wifi," aliniambia. "Uwanja wangu ni uwanja wa kaka yangu. Lete tanuri lako, uoke mpaka uchoke mwenyewe."

Tukakumbatiana pale getini, tukalia. Mtu aliyepita angedhani kuna msiba mpya.

Wiki iliyopita niliwaacha pale alipoingia uani mwanamume mmoja mwenye utepe wa kupimia. Alipima ukuta, akapima choo, halafu akanyoosha utepe wake kwenye tanuri langu, likiwa na mikate ndani. Nikamuuliza, baba, unapima nini? Akasema kwa adabu zote:

"Mama, napima mali yangu. Nimenunua hiki kiwanja. Mpaka Jumamosi uwe umepata pa kuokea kwingine. Vyombo vyako vya kubeba utabeba. Tanuri linabaki."

Nikamgeukia wifi yangu aliyekuwa amesimama mlangoni. Hakuniangalia. Alikuwa anajichokoa meno na njiti.

"Wifi, usinione mbaya," akasema. "Ardhi imeuzwa, na kilichoshikana na ardhi kimeenda nayo. Sio mimi, ni sheria."

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Sikulia. Mikate ilikuwa motoni, na mkate haungoji mtu amalize kulia. Nikaitoa, nikaifunika kitambaa, nikaenda kwa wateja wangu kama kawaida. Kila aliyeniuliza habari nilimwambia nzuri, tunamshukuru Mungu.

Jumapili baada ya ibada nikamfuata Mzee Kifungu. Huyu ni karani mstaafu wa mahakama. Jina hilo alipewa na wanakwaya, maana hata tukigombania viti atasimama na kusema kuna kifungu. Nilimkuta nyumbani kwake ameshavua viatu vya kanisani, ameloweka miguu kwenye beseni.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Keti vizuri," akasema. "Mbele ya hakimu, mali zote za dunia hii zina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ardhi na vyote vilivyoshikamana nayo. Nyumba, kisima, choo, mti uliosimama. Hizo huwezi kuzitia kwenye gunia ukahama nazo. Fungu la pili ni vile vinavyohamishika. Kitanda, baiskeli, mbuzi, hiyo saa yako ya mkononi. Mtu akiuza ardhi na hakutaja zaidi, vilivyoshikamana vinakwenda kwa mnunuzi. Vinavyohamishika vinabaki kwa mwenyewe."

"Na mume je?" mkewe akadakia kutoka jikoni. "Mume yuko fungu gani?"

"Mume anahamishika," akajibu mzee bila kugeuza shingo.

"Tena wengine bila hata kuaga!"

Nilicheka bila kupenda, halafu kicheko kikanigeukia kikawa kitu kingine. Mke wa mzee akaja na kanga akanifuta uso kama mtoto.

"Mzee," nikasema, "tanuri langu lilikuwa linahamishika. Lilikuwa na magurudumu."

"Lilikuwa. Sasa lina nini?"

"Matofali na saruji."

"Aliyesema lijengewe ni nani?"

Nikamwambia. Uwanja wa wifi yangu una mteremko. Siku moja natoa trei ya mikate, tanuri likateleza, mlango ukanifuata, ukanibabua mkono kuanzia kiwiko mpaka kwenye saa. Wifi alipiga kelele kuliko mimi niliyeungua. Alinipaka dawa mwenyewe asubuhi na jioni, akinipulizia.

"Wifi, hili dude litakuua," aliniambia huku ananifunga bandeji. "Ukifa na wewe, nitamwambia nini kaka yangu huko aliko? Tulikate magurudumu, tulijengee, litulie. Saruji natoa mimi. Ufundi atafanya mkwe wako."

Ningekataaje? Mtu anakupuliza kidonda, halafu anakupa na saruji.

Mzee Kifungu akatoa mguu mmoja kwenye maji, akaukausha polepole.

"Saruji ilitoka kwake."

"Ndiyo. Zawadi."

"Hm." Akautoa na mguu wa pili. "Sasa sikiliza. Hakimu haangalii saruji peke yake. Anaangalia na nia. Mtu alipokishikamanisha kitu na ardhi, alitaka kikae hapo moja kwa moja, au kwa muda tu? Na mwenye ardhi alilijua hilo? Mpangaji akipigilia rafu ya vyombo ukutani, hajaitoa sadaka kwa mwenye nyumba."

"Nia iko moyoni, mzee. Anayeiona ni Mungu."

"Mungu anaiona. Hakimu anataka kuishika mkononi. Siku ile ya kujenga mlisema nini?"

Nikafumba macho nikumbuke. Nikaziona cheche, nikamwona Mama Vifungo akishuka ukutani kurudi kwenye cherehani yake baada ya mimi kumgeuzia mgongo. Halafu nikamwona wifi yangu akiyaokota yale magurudumu moja moja kwa kitambaa, kwa sababu vipande vya miguu vilikuwa bado vya moto.

"Wifi alimkabidhi mkwe wangu magurudumu," nikasema. "Akamwambia, yatunze haya, siku mama mkwe wako akitaka kuondoka tutabomoa matofali tumfungie tena."

Mzee akanyanyuka kitini na miguu yake mitupu. "Nani alisikia?"

"Mkwe wangu. Na binti yangu alikuwepo, alileta maji ya kuchanganyia."

"Na magurudumu yenyewe?"

"Yako stoo kwa mkwe."

"Mama," akasema, na sauti yake ikawa ile ya mahakamani, "mtu anayejenga tanuri likae milele hatunzi magurudumu yake. Hayo magurudumu ndiyo nia yenu, imelala stoo. Nenda kayachukue. Bila hayo, utabaki wewe na mdomo wako, na wifi yako na mdomo wake, na yeye ndiye aliyekuwa mwenye kiwanja."

Nilitoka pale nimeota mbawa.

Binti yangu ndiye mtoto pekee niliyejaliwa. Ameolewa majuzi tu, hata vyombo vya harusi vingine havijatolewa kwenye maboksi. Mume wake ni fundi mwashi, kijana mpole, anayeniamkia kwa mikono miwili. Siku zote niliwaambia akina mama wa kikundi chetu cha sala: mimi sikumtoa mtoto, niliongezewa mtoto.

Nilimkuta binti yangu anaanika nguo uani kwao.

"Mwanangu, nimefuata yale magurudumu ya baba yako."

Alikuwa ameshika shati la mumewe. Akalikamua. Halikuwa na hata tone la maji, lakini alilikamua tena.

"Magurudumu yapi, mama?"

"Una baba wangapi?"

Akalitundika shati, akalibana kibanio, akakibandua, akakibana tena palepale.

"Muulize mwenye stoo, mama."

"Nakuuliza wewe. Yapo au hayapo?"

"Mama," akasema, na macho yake yakawa kwenye kamba ya nguo, "mimi nina ndoa."

Maneno hayo tu. Nilikaa nayo pale uani kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake amshike.

Nikageuza macho kwenye mlango wa stoo. Mimi sikusoma sana, nilimaliza darasa la saba, lakini macho ninayo. Mlango ule siku zote ulifungwa kwa kipande cha waya. Sasa ulikuwa na kufuli. Jipya, linang'aa.

Mkwe wangu akaingia wakati huohuo. Kichwani alikuwa na kofia ngumu ya ujenzi, ya njano, safi kama kiini cha yai, haijaguswa na vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kofia nzuri."

"Ah, mama. Nimepata kazi. Nyumba ya wageni, ghorofa moja. Tena mimi ndiye msimamizi wa mafundi wote."

"Mungu ni mwema. Ni ya nani?"

Akakohoa. "Ya bwana mmoja."

"Huyo bwana mmoja ana utepe wa kupimia?"

Akavua kofia, akaanza kuikagua kwa ndani kama vile ameandikiwa jibu humo.

"Aliyekuunganisha naye ni nani, mwanangu?"

"Shangazi," akasema kwa sauti ya chini. Shangazi ni shangazi wa mke wake. Wifi yangu.

"Nimefuata magurudumu."

"Stoo imejaa, mama. Nitayatafuta. Nitakuletea."

"Fungua tuyatafute wote. Nina nguvu bado."

"Ufunguo nimeusahau kazini, mama."

Binti yangu akaingia ndani na beseni tupu. Hakunikaribisha maji, hakunisindikiza. Mtoto niliyembeba mgongoni huku nakanda unga, mgongo wake ndio nilioonyeshwa. Niseme ukweli, kwa wifi yangu niliumia, lakini kwa mwanangu ndiko nilikovunjika. Njiani nilijaribu kusali, maneno yakawa hayaji. Nikamwambia Mungu, leo soma mwenyewe moyoni, mimi mdomo umekufa.

Magurudumu hayakuletwa. Si siku iliyofuata, wala iliyofuata tena.

Jumamosi ikafika.

Mzee Kifungu alikuja kama mtu wa kusuluhisha, amevaa suti yake ya kanisani. Wifi alitoa viti vya sebuleni akavipanga uani vizuri, na vitambaa vyake vya kusuka juu, kana kwamba tumekuja kuposa. Yeye mwenyewe alivaa gauni lile tulilonunua pamoja, mimi nina lake la kufanana nalo. Mwenye utepe, ambaye mtaa mzima ulishamwita Bwana Utepe, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mkwe wangu alisimama kando na kofia yake. Mama Vifungo alikuwa juu ya ukuta, pini mdomoni, na hakuna aliyemwambia ashuke.

Binti yangu hakuja.

Wifi akaanza kwa utamu. "Mimi na wifi hatujawahi kugombana. Kama ni sehemu ya kuokea, tutamtafutia. Tanuri lingine atatengeneza, mafundi wako wengi."

"Aliyetengeneza hili ni mmoja," nikasema, "na yuko kaburini."

"Wifi, tusianze mambo ya kaburi. Kaka alikuwa wako peke yako?"

Mzee Kifungu akainua kiganja. Akamgeukia Bwana Utepe. "Ndugu, wewe ulinunua nini?"

"Kiwanja, mzee, na vilivyojengwa juu yake. Nyumba, choo, ukuta, tanuri."

"Tanuri ulilikuta limejengwa?"

Na hapa, ndugu zangu, ndipo Mungu alipomfungua mtu mdomo bila mtu mwenyewe kujua anachofungua.

"Hapana," akasema Bwana Utepe, kwa moyo mweupe kabisa. "Mara ya kwanza nakuja hapa lilikuwa na magurudumu. Nikamwambia huyu mama mwenye kiwanja: mimi nataka nyumba ya wageni yenye mkate wake, na hili tanuri wateja wanalijua. Lakini lenye magurudumu siwezi kulinunua pamoja na kiwanja, hilo ni kama gari la mtu, kesho linasukumwa linaondoka. Lijengee kwanza, ndipo tuzungumze. Akasema hiyo kazi ndogo, mpe siku chache."

Pini zikamdondoka Mama Vifungo. Nilizisikia zikigonga bati.

Nikamtazama wifi yangu. Midomo ile ile iliyonipuliza kidonda ilikuwa imekauka, inatafuta mate.

"Ulikuja kabla au baada ya mimi kuungua?" nikamuuliza Bwana Utepe.

"Kuungua? Sijui habari ya kuungua, mama. Ila nakumbuka ulikuwa na bandeji mkononi. Uliniuzia mkate kama mteja yeyote, nikakupa pole."

Kumbe. Bandeji ilikuwa mkononi mwangu, dawa aliyonipaka haijakauka, na wifi yangu anapatana bei ya tanuri getini. Hakunisukumia moto, la. Moto aliukuta, akaota.

"Wifi," nikasema. Miaka yote ile ya kuitana wifi, neno lenyewe likawa jepesi mdomoni kama ganda la yai.

Akajikaza. "Ndiyo, nilisema lijengewe! Na wewe ulikubali. Nani alikushika mkono? Uliwachemshia mpaka chai!"

"Nilikubali lijengewe. Sikukubali liwe lako. Ulisema magurudumu yatunzwe, siku nikiondoka tulifungie tena."

"Mimi? Nilisema lini?"

Bwana Utepe akanyanyuka kwenye ndoo yake. Namsema kwa haki, maana haki ni ya kila mtu. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, mimi si mwizi," akaniambia. "Kama mlipatana kuwa siku moja utaondoka nalo, basi halikuwa la kuuzwa na kiwanja, na mimi nimedanganywa kama wewe. Lakini nitaaminije? Nionyeshwe hayo magurudumu kuwa yalitunzwa. Nikiyaona, nitabomoa matofali kwa mkono wangu na kukusaidia kulisukuma."

Macho yote yakamwendea mkwe wangu.

Mzee Kifungu akasema taratibu, "Kijana, wewe ndiye uliyekata miguu. Shangazi wa mke wako alikuambia nini kuhusu magurudumu?"

Mkwe wangu akanitazama. Nikamtikisia kichwa kidogo, kama unavyomtia moyo mtoto anayesoma somo kanisani mara ya kwanza. Nilimwamini bado. Niliamini mpaka sekunde ile.

Halafu akamtazama wifi. Halafu akaitazama kofia yake ya njano.

"Hakuniambia kitu," akasema.

"Sema tena," Mzee akasema.

"Hakuna aliyesema nitunze. Niliyakata, nikayatupa kwenye vyuma chakavu siku ileile. Samahani, mama."

Samahani, mama! Bora angenitukana.

Wifi akaketi, akanyoosha gauni lake magotini. "Mmesikia wenyewe. Mkwe wake wa kumchagua yeye mwenyewe."

Mzee Kifungu akafunga vifungo vya koti, polepole, cha chini mpaka cha juu. Nilijua maana yake: shauri limekwisha. Bwana Utepe aliinamisha kichwa, akauokota utepe wake. Nikaliangalia tanuri la mume wangu, limekaa ndani ya matofali kama mtu aliyefukiwa mpaka kiunoni, na nikaanza kuagana nalo kimoyomoyo.

Geti likalia.

Alikuwa binti yangu. Mkono wa kulia anaburuta gunia linalokwaruza chini. Mkono wa kushoto ameshika begi la nguo, lile alilotoka nalo nyumbani kwangu siku ya harusi.

Hakusalimia mtu. Alikuja mpaka katikati ya viti, akaweka begi chini, akashika gunia pembe mbili za chini, akalipindua.

Yakatoka moja moja, kwa kishindo. Magurudumu manne, kila moja na kipande chake cha mguu. Na juu ya kila kipande, mahali pale ambapo marehemu alikuwa akiweka alama kwenye kila kazi ya mikono yake, nukta tatu za kuchomelea zilizopangwa kama mafiga.

Niliinama nikagusa moja. Vidole vikateleza.

Yalikuwa na grisi. Grisi mbichi, safi, imepakwa kwa mkono unaojua. Nikamtazama mwanangu, nikazitazama kucha zake, nyeusi mpaka kwenye ncha. Ndani ya stoo ile, mpaka leo hii, mtu alikuwa ameendelea na kazi yake ya kila Jumamosi.

"Mke wangu," mkwe akaanza, "ngoja nikueleze. Kazi ile ni kwa ajili yetu wote wawili..."

Binti yangu akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa kitu, akakiweka ndani ya ile kofia ya njano aliyoishika mumewe. Kikagonga plastiki. Lilikuwa kufuli jipya, limekatwa shingo.

"Na hilo nalo ni mali inayohamishika," Mama Vifungo akasema juu ya ukuta, lakini hakuna aliyecheka.

"Mwanangu," nikasema. "Ulisema una ndoa."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya baba yake mtupu, yale ya siku ambazo mwenye nyumba anakuja na baba anaanza kuondoa mawe yanayozuia magurudumu ya tanuri kabla hata hajaambiwa. Akafungua midomo. Nikadhani atanijibu.

Aliinama, akachukua begi lake, akatoka getini.

Kutoka geti lile, ukikata kushoto unakwenda kwa mumewe. Ukikata kulia unakuja kwangu. Nyuma yangu nilimsikia Bwana Utepe akiomba nyundo, na wifi akisema ngoja, ngoja kwanza. Sikugeuka. Gurudumu moja lilikuwa limeangukia ubavu, bado linazunguka lenyewe bila mlio wowote, na mimi nilikuwa namhesabia mwanangu hatua kwa macho, nikiomba akate kulia.

Hakukata kushoto wala kulia. Alivuka barabara moja kwa moja na begi lake bila kugeuka, akashika njia isiyo ya kwa mumewe wala ya kwangu.